Karanga za Kongwa: kisa cha kuchambua katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi

Visa ambavyo mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi hupewa kuchambua katika vyuo vya Afrika Mashariki mara nyingi hutoka mbali. Kuna Jumba la Opera la Sydney, lililokadiriwa mwanzoni kugharimu dola milioni 7 za Australia likafunguliwa mwaka 1973 baada ya kumeza dola milioni 102, na kuna mitambo ya mizigo ya uwanja wa ndege wa Denver, ambayo ilichelewesha ufunguzi wa uwanja wenyewe hadi mwaka 1995. Sina ugomvi na visa hivyo, kwani vimeandikwa sana na vinafundishika. Lakini Kongwa, mkoani Dodoma, kuna kisa kikubwa zaidi kwa upana wa makosa yake, chenye nyaraka nyingi za serikali, na ambacho mwanafunzi wa Dodoma anaweza kwenda kukikanyaga kwa miguu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni Mpango wa Karanga wa Tanganyika, mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine, ulioanza kubuniwa mwaka 1946 na kufutwa Januari 1951.

Majibu ya kisa hiki yanajulikana mno, na hapo ndipo shida inapoanza. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mpango ulishindwa, huandika bila kusita kwamba hapakuwa na mipango mizuri, wadau hawakushirikishwa, vihatarishi havikuchambuliwa na ufuatiliaji ulikuwa hafifu. Yote ni kweli, na karibu yote hayana faida, kwa sababu orodha hiyo hiyo inaweza kubandikwa juu ya mradi wowote ulioanguka, uwe wa kisima cha kijiji au wa reli. Uchambuzi huu umejengwa juu ya swali jembamba zaidi: ni wakati gani hasa uamuzi tofauti ungewezekana, kwa taarifa zilizokuwapo wakati huo, na ni kitu gani kilizuia uamuzi huo usifanyike?

Chimbuko la mpango lilikuwa hitaji la kweli. Baada ya vita kumalizika mwaka 1945, Uingereza iliendelea kuwagawia raia wake chakula kwa kipimo, na mafuta ya kupikia pamoja na majarini yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyoadimika kwa muda mrefu zaidi. Akiba ya dola ya kununulia mafuta nje ya himaya ilikuwa finyu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliitazama Tanganyika kutoka angani, akaona pori ambalo kwa macho yake lilikuwa tupu, akapeleka serikalini pendekezo la kulima karanga huko kwa mashine. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanyika kwa ndege, na kufikia Septemba 1946 taarifa ilikuwa mezani.

Mwanafunzi anashauriwa kuisoma taarifa hiyo kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, kwa kuwa ndiyo upembuzi yakinifu wa mradi. Ilipendekeza kufyeka na kulima ekari 3,210,000, zikigawanywa katika vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja. Vitengo 80 vingekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa takribani pauni milioni 24 kwa miaka sita. Kinachoshtua ni usawa wa vitengo hivyo, maana ardhi ya Afrika Mashariki haijawahi kuumbwa kwa vipande vya ekari 30,000 vinavyofanana kwa mvua, udongo na mteremko. Kitengo kimoja kilipigiwa hesabu kwenye karatasi, kisha kikazidishwa mara 107. Upimaji wa kina wa udongo haukufanyika. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache, na wastani wa mwaka, ambao ulionekana kutosha, ulificha jambo ambalo kila mkulima wa Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, analijua: kwamba mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, inaweza kunyesha yote kwa vishindo vichache na kisha kukaa kimya wiki nzima wakati mbegu inaihitaji.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 tabia ya wapangaji kukadiria kazi kwa kutazama mpango wao wenyewe kutoka ndani, badala ya kutazama kazi zinazofanana na hiyo zilizokwisha kufanywa na watu wengine. Kwa mwanafunzi, hili ndilo jina sahihi la kosa la vitengo 107, na lina uzito kuliko kusema tu kwamba mipango ilikuwa mibaya. Mpango ulikuwa na jedwali, bajeti, ratiba na malengo yanayopimika. Ulichokosa ni mfano hata mmoja wa shamba la karanga la mashine, kwa ukubwa wa namna hiyo, katika nchi ya namna hiyo, ambao makadirio yangepimwa dhidi yake.

Hapa kuna tahadhari moja. Si haki kuwashitaki watu wa 1947 kwa kutotumia zana ambazo hazikuwapo. Mbinu ya kutafuta mnyororo wa kazi unaoamua urefu wa mradi ilibuniwa mwaka 1957, taasisi ya kimataifa ya wasimamizi wa miradi iliundwa Marekani mwaka 1969, na jedwali la mantiki ya mradi, ambalo wanafunzi wetu hulijaza mpaka usiku, lilitengenezwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani. Lakini shamba la majaribio halikuhitaji zana yoyote mpya. Wakulima wamekuwa wakijaribu mbegu kwenye kipande kabla ya kulima konde zima tangu kilimo kianze, na Wakefield, akiwa mtaalamu wa kilimo, alilijua hilo vizuri kuliko wanasiasa waliompokea.

Serikali ilitangaza kuukubali mpango Novemba 1946, chini ya Waziri wa Chakula John Strachey, na mapema mwaka 1947 kikosi cha kwanza kilikuwa Kongwa. Lengo la mwaka huo lilikuwa kufyeka na kupanda ekari 150,000.

Inafaa kukaa kidogo katika mwaka huo, kwa sababu ndipo kila kihatarishi kilipojitokeza, kimoja baada ya kingine, na mwanafunzi anayetaka kuelewa namna kazi moja inavyoitegemea nyingine hatapata somo zuri kuliko hili. Mitambo ya kufyekea haikupatikana mipya, kwa kuwa viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa na oda nyingi. Wanunuzi wakaenda kwenye maghala ya jeshi la Marekani nchini Ufilipino na kununua matrekta na matingatinga ya mitumba, mengi yakiwa yamekaa juani na mvuani tangu vita. Yalifika Dar es Salaam, bandari ambayo wakati huo haikuwa na gati la kina kirefu. Meli zilitia nanga ndani ya maji na shehena ikashushwa kwa matishari. Kutoka bandarini mzigo ulitegemea reli ya kati, yenye njia moja, ambayo pia ilibeba kila kitu kingine kilichohitajiwa na bara. Mafuriko ya msimu yaliikata njia hiyo. Mtambo ulipofika hatimaye Kongwa, ulikuta karakana ambayo haijakamilika, vipuri visivyolingana, na mafundi ambao wengi walikuwa bado wanajifunza kazi. Sehemu kubwa ya matrekta yale ilisimama kabla mwaka haujaisha.

Pori lenyewe nalo lilikuwa na habari yake. Vichaka vya Kongwa vililala chini kwa urahisi mbele ya tingatinga. Mafundi walivuta hata mnyororo wa nanga ya meli kati ya mitambo miwili na kuangusha eneo kubwa kwa muda mfupi. Tatizo lilikuwa chini ya ardhi. Mizizi ilibaki imeshikamana, migumu, ikivunja majembe ya plau, na mchanga wenye chembe kali ulikula makali ya chuma kama tupa. Mibuyu ilihitaji kazi ya peke yake. Udongo wenye mfinyanzi mwingi, ulioonekana laini baada ya mvua, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji wakati ule ule ambapo karanga, zao linalozaa chini ya ardhi, lilitakiwa kung'olewa. Kwa maneno ya usimamizi wa miradi, kasi ya kazi ilipimwa katika hatua iliyokuwa rahisi, yaani kuangusha vichaka, na ikadhaniwa kuwa ndiyo kasi ya kazi yote. Msimamizi yeyote wa ujenzi aliyewahi kuona kuta zikipanda haraka na kumalizia kukichukua mwaka mzima anaielewa hesabu hiyo.

Kuna pia kiwanda cha silaha cha Vickers-Armstrongs, kilichogeuza vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Yalikuwa na nguvu, lakini kazi ya kung'oa mizizi siku nzima, siku baada ya siku, si kazi ya kifaru, na hayakuokoa ratiba.

Wafanyakazi hawakuwa namba tu katika bajeti. Kambi ya maelfu ya watu ilipandisha bei ya chakula katika eneo ambalo lilikuwa na njaa za mara kwa mara. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda bara kwa kufuata reli, na Kongwa haikusalimika. Wanafunzi wengi huiacha sehemu hii au kuiweka chini ya kichwa cha "mambo ya nje ya mradi". Naona hilo ni kosa. Mishahara, posho na bei ya unga vilikuwa ndani kabisa ya mradi, na mgomo ulikuwa ni taarifa iliyotolewa bure kuhusu gharama halisi ya kazi.

Mwisho wa mwaka 1947, eneo lililokuwa tayari kwa kupandwa Kongwa lilikuwa ekari 7,500 hivi. Lengo lilikuwa 150,000. Hiyo ni asilimia tano.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kusimama na kugonga meza. Katika mradi wenye malango ya uamuzi, yaani hatua ambapo kazi husimama ili iamuliwe kama iendelee, asilimia tano ya lengo la mwaka wa kwanza ingerudisha mradi kwenye makadirio yake ya awali: gharama ya ekari moja iandikwe upya kwa takwimu za Kongwa, si za karatasi, na kila kinachofuata kisubiri hesabu hiyo. Taarifa zote zilizohitajika zilikuwapo. Aliyekuwa Kongwa aliona matrekta yaliyosimama. Aliyekuwa bandarini aliona msongamano. Wahasibu waliona fedha zikitoka. Lakini kilichoamuliwa kilikuwa kinyume. Machi na Aprili 1948 mpango ulihamishwa kutoka kwa United Africa Company, iliyokuwa wakala wa muda, kwenda kwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya uenyekiti wa Leslie Plummer, na kazi ikaendelea Kongwa, Urambo na kusini, Nachingwea. Kwa wakati huo huo bandari mpya ya kina kirefu ilianza kujengwa Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea, kwa ajili ya karanga ambazo hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba zingevunwa.

Kwa nini hakuna aliyesimamisha? Barry Staw, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu watu wanaozidi kuwekeza katika uamuzi ulioharibika kwa sababu ni wao walioufanya, anatoa nusu ya jibu. Nusu nyingine iko katika muundo. Wakefield, mwandishi mkuu wa makadirio, aliwekwa katika bodi ya shirika lililoyatekeleza, pamoja na John Rosa, mjumbe mwenzake wa ile safari ya wiki tisa. Kwa hiyo chombo kilichopaswa kuuliza kama makadirio yalikuwa sahihi kilikuwa na waandishi wa makadirio mezani. Juu yao alikuwapo waziri ambaye alikuwa ameuahidi mpango bungeni mbele ya upinzani uliokuwa ukisubiri kosa. Chini yao walikuwapo mameneja ambao waliteuliwa kuharakisha kazi. Hakuna kiti hata kimoja katika mnyororo huo ambacho mkaaji wake alipewa kazi ya kusema hapana. Wakefield na Rosa waliondolewa katika bodi mwaka 1949, msimu wa ukame ulipokuwa umeshaikausha mimea ya Kongwa, na baada ya wakaguzi wa hesabu kulalamikia namna shirika lilivyotunza vitabu vyake. Wakati huo lengo lilikuwa limepunguzwa hadi ekari 600,000.

Nirudi kwenye suala la wadau, kwa kuwa ndilo jibu linalopendwa kuliko yote. Ni kweli kwamba Wagogo hawakuulizwa kwa maana yoyote ya maana. Lakini tuchukulie kwamba wangeulizwa, na wazee wa Kongwa wangeeleza vizuri kabisa habari za mvua, udongo na miaka ya njaa. Jibu lao lingepelekwa wapi? Ukubwa wa mpango, tarehe na bei ya karanga vilishaamuliwa London kabla ya mtu yeyote kushuka garimoshini. Ushirikishwaji usio na uwezo wa kubadilisha mawanda ya mradi, yaani ukubwa na mipaka ya kazi yake, ni mahudhurio tu, na mwanafunzi anayefanya kazi halmashauri, aliyewahi kuandaa mkutano wa kijiji kuhusu mradi ambao mkataba wake umeshasainiwa, anajua hilo bila kufundishwa.

Zoezi linalofaa darasani ni kuijaza safu ya mwisho ya jedwali la mantiki, ile ya mambo tunayoyachukulia kuwa yatatokea bila sisi kuyadhibiti, ambayo wengi huijaza dakika za mwisho kwa sentensi kama "hali ya kisiasa itakuwa shwari". Kwa Kongwa safu hiyo ingesomeka hivi: udongo utalimika na kuvunika, mvua itagawanyika vizuri msimu mzima, matrekta ya mitumba yatafanya kazi saa zilizopangwa, bandari na reli vitamudu mzigo, mizizi itatoka kwa kasi ile ile ya vichaka. Kila mstari ungeweza kupimwa kabla ya kununua mitambo, kwa gharama ndogo, ndani ya misimu miwili. Misimu miwili ndiyo kitu ambacho serikali iliona haiwezi kukisubiri. Ilikuja kusubiri minne, bila karanga za maana.

Kuna mbadala ambao taarifa za darasani huusahau kabisa. Katika miaka hiyo hiyo, Kano, kaskazini mwa Nigeria, karanga zilizolimwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono zilikuwa zimerundikwa kwa magunia, mirundo mirefu yenye umbo la piramidi, zikisubiri mabehewa ya kuzipeleka pwani. United Africa Company ilikuwa ikifanya biashara huko huko. Kikwazo cha mafuta ya Uingereza, kwa sehemu, kilikuwa vichwa vya treni. Mchambuzi makini anapaswa kuanza na swali la hitaji, yaani tani za mafuta, na si suluhisho lililopendekezwa, yaani ekari za Tanganyika. Akifanya hivyo, reli ya Nigeria inaingia kwenye jedwali la njia mbadala, na Kongwa inalazimika kushindana nayo. Haikushindanishwa.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango kama mradi wa kibiashara na kuandika hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Strachey alikuwa ameshahamishiwa Wizara ya Vita.

Kwa anayefikiria kukitumia kisa hiki katika tasnifu, kuna faida ambayo haizungumzwi. Tasnifu nyingi za usimamizi wa miradi katika vyuo vyetu zina umbo moja: athari za kitu fulani katika utendaji wa miradi ya wilaya fulani, dodoso la ngazi tano, idadi ya wahojiwa iliyotolewa kwenye fomula ya Yamane, na hitimisho kwamba kitu hicho kina uhusiano chanya na utendaji. Huwezi kumpelekea dodoso John Strachey. Kongwa inamlazimisha mwanafunzi kwenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Dar es Salaam, kusoma barua za maofisa wa wilaya, kulinganisha tarehe ya barua na tarehe ya uamuzi, na kujenga hoja kwa ushahidi usiojaza fomu. Ni kazi ngumu zaidi, na msimamizi wa tasnifu anaweza kuguna mwanzoni, kwa hiyo pendekezo la utafiti lieleze wazi ni maamuzi gani yanayochunguzwa na ni majalada yapi yatasomwa.

Suala la mwisho ni la tathmini ya matokeo ya muda mrefu, na hapa wachambuzi hutofautiana. Bandari ya Mtwara ipo mpaka leo na inasafirisha korosho. Reli ya Nachingwea iling'olewa. Ardhi iliyofyekwa Kongwa iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, na baadaye Kongwa na Nachingwea zilipokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wapo wanaoyaorodhesha haya chini ya kichwa cha "manufaa yasiyotarajiwa" na kuupunguzia mpango lawama. Sikubaliani nao. Bandari ilipewa kazi na wakulima wa korosho na serikali zilizofuata, kwa maamuzi mapya na fedha mpya, na kuihesabu kama tunda la Mpango wa Karanga ni kumlipa mpangaji kwa kazi ya mwingine. Vile vile si sahihi kuhitimisha kwamba Kongwa haifai kwa mbegu za mafuta. Wakulima wadogo wa Dodoma wanalima karanga na alizeti kila msimu, kwenye vipande vinavyofuata udongo ulivyo, wakichanganya na mtama na uwele kama kinga ya mwaka mbaya, na soko la nafaka la Kibaigwa, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, hupokea malori kutoka mikoa mingi. Zao lilikuwa sahihi kwa kiasi fulani. Kilichoshindwa ni kitengo cha ekari 30,000, kilichozidishwa mara 107 kabla cha kwanza hakijavunwa, na mtahini anayesahihisha kisa hiki anatafuta mwanafunzi anayeweza kuonyesha, kwa tarehe na kwa namba, kwamba Desemba 1947 jambo hilo lilikuwa limeshajulikana.